Stendi ya tuba langu na wimbo wa kusimama

Jamani, leo nimepiga tuba, lile tarumbeta kubwa zito, beti nne huku nimempa mchungaji mgongo, na nasema mgongo kwa heshima tu.

Mzee Simkonda, kiongozi wa bendi yetu ya kanisa, alikuwa amenionya: nikinyamaza tena katikati ya wimbo kwa kuchoka mikono, tuba atapewa binamu yangu Yoramu.

Basi nikatengeneza stendi ya mti wa mbuni, ya miguu mitatu.
Nikakaa kwenye kigoda, nikapima kwa rula, nikaandika vipimo kwenye shajara.
Nyumbani tuba lilinifika mdomoni sawasawa.

Leo ibadani mchungaji akasema, "Tusimame tuimbe."

Nikasimama.
Tuba likabaki kiunoni.

Kulinyanyua ningechoka, na Yoramu alikuwa ananitazama.
Nikainama hadi mdomo ukalifikia, nikapiga. Mchungaji alikuwa madhabahuni, nyuma yangu kabisa.
Mama mmoja akaninong'oneza, "Baba, ni tumbo?"

Baada ya ibada Mzee Simkonda akanishika bega.
"Leo hukunyamaza hata mara moja, mwanangu. Tuba ni lako. Ila mchungaji anaomba Jumapili ijayo umwoneshe uso."

Nishaurini: nirefushe miguu ya stendi, au tuliombe kanisa zima liimbe limekaa?