Karanga za Wapumbavu

Juzi niliwaona mabinti kanisani wakijizoeza igizo la wanawali kumi, nikasikia tena harufu ya mafuta ya taa na ya tumbaku ya Ulyankulu inayokaushwa.

Utotoni huko Ulyankulu, mchana wa igizo letu kama hilo, katekista alimweka Leokadia, binti wa baba mkubwa, kwa wenye busara. Mimi akaniweka kwa wapumbavu walioishiwa mafuta. Niliamini ameuona upumbavu usoni mwangu. Leo najua alichagua kwa kuangalia vibatari tulivyokuja navyo, na cha kwetu kilikuwa kinavuja.

Wenye busara wakaingia karamuni, mlango wa kanisa ukafungwa. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango kwa wivu. Ndani hapakuwa na karamu, ila sala ndefu na magoti juu ya sakafu. Nje, mke wa katekista alituletea sisi wapumbavu sufuria ya karanga za kuchemsha, zikitoa mvuke.

Jicho la Leokadia likaja kwenye ufa.

"Dada, nipe kidogo."

Nilimjibu kama alivyonijibu yeye nilipomwomba mafuta igizoni: "Hazitatutosha sisi na ninyi. Nendeni kwa wauzaji."

Kisha nikamenya karanga nyingine, huku bado natamani kuwa ndani.