Kikombe cha Bi Verna

Verna Kolterman hakuwahi kuonja bia hata ya harusini, na hilo mji mzima wa Plum Fork ulilijua. Kanisani kwao divai ya meza ya Bwana ni maji ya zabibu, na hata hayo aliyanywa kama anayepewa dawa. Basi la shule namba kumi na moja aliliendesha tangu binti yake ananyonya, na sasa binti huyo ana mvi, anaishi Denver na kupiga simu Jumapili. Milo, mume wa Verna, alikuwa kaburini. Mtu akimwambia ameshazeeka, apumzike, Verna alimjibu, "Nikapumzikie wapi?" Na hakuwa anatania.

Kitu alichojivunia kuliko vyote kilikuwa relini. Huko Nebraska basi la shule halivuki reli hivi hivi. Dereva husimama, huzima redio, hufungua mlango na kusikiliza kama treni inakuja. Madereva wengine husikiliza huku watoto wanapiga kelele nyuma, sijui wanasikia nini. Verna aliinua kidole kimoja tu, na basi zima likanyamaza, hata watoto wa Schroeder ambao walishamshinda mama yao mwenyewe.

Ile siku mbaya ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, mahindi yamekauka mashambani yakisubiri mashine. Rodney Stauffer, msimamizi wa mabasi, alimkuta gereji akifuta vioo.

"Verna, jina lako limetoka."

"Limetoka wapi?"

"Kwenye kompyuta. Kikombe kinakuita. Nenda kapimwe sasa hivi, na usipite popote."

"Hiyo kompyuta inanipenda. Walevi wote wa kaunti hii, inanitaka mimi."

"Labda wamesikia habari zako," Rodney akasema, na wote wawili wakacheka. Kompyuta hiyo huokota majina ya madereva kwa bahati nasibu, wapimwe mkojo kama una pombe au dawa za kulevya.

Verna akatundika kitambaa, akachukua funguo, na akaenda moja kwa moja chooni. Wala hakufikiri. Dereva wa basi la shule hawezi kuacha watoto arobaini barabarani akakimbilia msalani, kwa hiyo pale gereji kuna mwiko wa wote: usishike usukani kabla hujajimwaga. Miaka yote hiyo, kila funguo zilipolia mkononi, miguu yake ilimpeleka chooni yenyewe. Mazoea yana taabu. Alitoka akiwa mwepesi, akapanda pikapu yake kwenda kupimwa mkojo ambao hana.

Zamani walipimwa hospitali ya mji wa jirani, choo chake kina feni inayonguruma kama trekta, na Verna alimaliza salama kila mara. Mwaka huu shule ilihamishia kazi hiyo kwenye zahanati mpya ya pale pale mjini. Mpimaji alikuwa Tressa Hruby, binti mpole mwenye mtoto mmoja, ambaye Verna alimbeba kwenye basi tangu chekechea hadi alipohitimu.

Tressa aliuchukua mkoba wa Verna akaufungia kabatini. Akamwonyesha choo: maji yametiwa rangi ya buluu, bomba limezibwa kwa utepe, asije mtu akachanganya. Akampa kikombe chenye mstari ubavuni.

"Mkojo ufike hapa, Bi Verna. Usivute maji. Mimi nitakuwa hapa nje mlangoni."

Laiti asingesema hilo la mwisho. Verna alizaliwa msichana pekee kati ya kaka sita, nyumba ya shamba yenye choo kimoja, na wale kaka mchezo wao ulikuwa kusimama nje ya mlango, kutega sikio na kuangua kicheko. Tangu hapo mwili wake ulijifunza kufunga hadi hatua za miguu ziondoke. Na zahanati hii mpya ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu, mlango wake mwembamba, na chini ya mlango alikiona kivuli cha viatu vya Tressa.

Alitoka na matone.

Tressa aliyatazama, akayamwaga. "Sheria ndiyo hiyo, hatuwezi kuyaweka tukaongezea. Sasa una masaa matatu. Nitakupa maji ya kunywa, kwa kipimo. Ila usitoke nje ya jengo. Ukitoka, ni kukataa kupimwa."

"Nisipotoka, na mkojo wenyewe usipotoka?"

"Kama daktari haoni ugonjwa, nayo ni kukataa."

"Nitakuwa nimekataaje, Tressa, nami nimekaa hapa nakunywa maji yako?"

"Ndivyo ilivyo, Bi Verna."

"Na kukataa adhabu yake nini?"

Tressa aliangalia pembeni. "Ni sawa na kukutwa umelewa."

Hapo Verna ndipo alipouona mlango ukifungwa. Anayeandikwa amekataa, jina lake huingia kwenye kumbukumbu za nchi nzima, na hashiki usukani hadi apitie kwa mshauri wa walevi. Shule yao ilikuwa kali zaidi: aliyeandikwa halishiki tena basi la watoto, hata ashauriwe na malaika. Sheria ni msumeno, lakini msumeno wa kawaida angalau hukata mti. Huu ulikuwa unakata kibofu cha bibi wa watu.

Akakaa kwenye kiti cha plastiki na glasi yake. Zahanati ilikuwa na ukumbi mmoja wa kungojea, na Plum Fork nzima hupita humo, mwenye kikohozi na mwenye umbea. Aliyeingia baadaye kidogo alikuwa Darrell Vance, dereva wa lori la nafaka, macho mekundu kila Jumatatu. Naye jina lake lilikuwa limetoka.

"Haa, Bi Verna! Wamekukamata na chupa chini ya kiti?"

"Nyamaza, Darrell."

"Sisemi kwa mtu. Ila ungenialika."

Aliingia na kutoka kabla Verna hajameza mafunda mawili. Mkojo wake ulifika mstarini na kupita, naye akaondoka akipiga mluzi. Darrell hunywa Jumamosi, na ikifika katikati ya wiki mwili wake umeshasahau. Verna alimwangalia kwa dirisha akipanda lori lake, na kwa mara ya kwanza maishani alimwonea mlevi wivu.

Akanywa. Tumbo likajaa, likawa gumu. Maji aliyasikia humo ndani yakicheza, lakini kila alipoinuka na kusogelea mlango ule, kitu kilijikaza. Akajilaumu, na kujilaumu kukamkaza zaidi. Alitaka kutoka apate hewa, akakumbuka kuwa hewa nayo ni kukataa. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea wakati wa kuwasha basi, na yeye hakuwa na pa kwenda. Aliogopa, kwa kweli, kuliko alivyoogopa siku ya barafu basi lilipoteleza hadi ukingoni mwa daraja. Siku ile usukani alikuwa nao mkononi.

Tressa akaja kuchuchumaa mbele ya kiti chake.

"Unakumbuka nilivyojikojolea kwenye basi? Darasa la kwanza."

"Sikumbuki."

"Unakumbuka. Ulipandisha redio juu kabisa, ukaja nyuma na chupa yako ya kahawa, ukaimwaga kwenye kiti changu chote. Ukasema, 'Jamani, nimemharibia Tressa nguo, mimi mzembe gani huyu.' Wakakucheka wewe."

"Ilikuwa kahawa ya jana," Verna akasema. "Hata hivyo nisingeinywa."

Tressa hakucheka. Aliinuka akaenda mezani kwake, akapandisha redio hadi wagonjwa wakageuka. "Twende tena," akasema.

Ndani ya choo Verna alisikia mtangazaji akisoma bei za nguruwe kwa sauti ya kutikisa kuta. Akacheka peke yake, na katika kucheka mwili ukalegea. Mkojo ukaanza. Ukaja vizuri, kikombe kikawa cha moto mkononi, akaona unapanda kuuelekea mstari. Ndipo nguruwe wakaisha. Redio ikavuta pumzi kabla ya tangazo, na katika ule upenyo wa kimya Tressa, nje ya mlango, akakohoa kidogo.

Ukakatika. Alisubiri, akaomba, akaita jina la Milo. Wapi. Kati ya mkojo na mstari palikuwa na upana wa kucha.

Masaa yalipoisha Tressa alikuwa amekaa na kalamu mkononi, haandiki.

"Naweza kusema tulianza kwa kuchelewa," alisema polepole. "Nani atajua?"

Na tusimpambe Verna, alitaka. Alilitaka basi lake.

"Una mtoto wewe," akasema mwishowe. "Andika kilichotokea."

"Utaonana na daktari wiki hii. Akikuta ugonjwa wa kibofu, wanafuta."

"Sina ugonjwa. Nina aibu."

"Aibu hawaihesabu, Bi Verna."

"Najua. Nipe mkoba wangu."

Gereji alimkuta Rodney keshapigiwa simu. Alikuwa amesimama karibu na namba kumi na moja, kofia mkononi, mfano wa mtu aliyekuja msibani. Verna alimpa funguo. Zilikuwa na kijikombe cha shaba alichopewa na wanafunzi wake, na alijaribu kukichomoa, vidole vikakataa, akaacha.

"Mtoto wa Lindquist mshushe upande wa nyumba yao. Asivuke barabara."

"Sawa."

"Na relini uwanyamazishe."

"Verna, mimi najua hujanywa. Kila mtu anajua."

"Basi kila mtu aendeshe," alisema, akaondoka.

Njia ya kwao ilikuwa ile ile ya basi. Alipotoka kwenye lami na kuingia changarawe, nyumba zimekwisha, mahindi huku na huku, hakuna kivuli mlangoni wala kaka nje, mwili wake ukaamua. Uliamua ghafla, bila adabu. Aliingiza pikapu kwenye kinjia cha shamba karibu na reli, akashuka nusu anakimbia, akapenya kati ya mabua makavu na kuchuchumaa. Mkojo ukafunguka. Ulitoka wa zahanati, ukatoka wa woga, ukatoka kana kwamba ni wa miaka yote, na Verna akaanza kulia kwa hasira, maana kile kikombe kingejaa na kufurika, vikombe vinne vingefurika.

Ndipo akasikia injini. Aliijua kama sauti ya mtu wake. Namba kumi na moja ilikuja, ikapunguza mwendo, ikasimama relini, hatua chache tu kutoka alipokuwa. Redio ikazimwa. Mlango ukafunguka.

Ndani watoto walikuwa wakipiga kelele, na Rodney hakusema neno, labda alisahau. Lakini sauti ya mtoto wa kike, pengine yule wa Lindquist, ikasema, "Shhh. Relini." Na basi zima likanyamaza. Lilinyamaza kama Verna alivyolifundisha, hadi mabua yakasikika yakisuguana.

Verna alijaribu kuuzuia. Masaa matatu aliusihi utoke, sasa akausihi usimame, na haukumsikiliza mara zote mbili. Ulimwagika juu ya majani makavu kwa sauti ya bomba.

"Ninasikia maji," mtoto akasema.

"Lile gari la Bi Verna," akasema mwingine. "Lile pale kwenye mahindi."

Verna aliinamisha kichwa hadi magotini. Hakuna aliyecheka. Kimya kikaendelea, kizuri kile, kazi ya mikono yake, na ndani yake ulisikika mkojo tu. Nafikiri hapo Rodney akaelewa, kwa sababu bila kuwaambia watoto neno aliwasha redio, akaipandisha juu kabisa, wimbo wa gitaa ukajaa shamba zima.

Verna akainua kichwa. Mlango bado wazi, reli iko mbele, na redio inalia. Alitaka kupaza sauti, amwambie azime, watoto wamo ndani, hapo panasikilizwa treni. Lakini suruali ilikuwa magotini, na basi likavuka.