Ukurasa wa Mwisho wa Aidai

Burulcha aliandika kwa kidole kimoja, cha shahada, cha mkono wa kushoto. Vidole vilivyobaki vilikuwa na mambo yao: akiviambia vifunguke, vinajikunja, akiviambia vitulie, vinacheza. Alizaliwa na mtindio wa ubongo, miguu haikupata kumbeba hata siku moja, na maneno yake yalitoka yakijikokota, kiasi kwamba mgeni akiingia nyumbani kwao kijijini Kochkor aliuliza swali kwa Burulcha na kungoja jibu kutoka kwa mama yake. Basi Burulcha alijizoeza kuchagua maneno kabla ya kuyatoa. Hakuwa na jasho la kupoteza kwa neno lisilo na kazi. Waliosoma vitabu vyake walisifu ufupi wa sentensi zake, wakidhani ni mtindo.

Vitabu vilikuwa viwili, vyote vya picha, vyote vya watoto. Cha kwanza kilihusu punda aliyekataa kuvuka daraja. Cha pili kilihusu kofia ya babu iliyochukuliwa na upepo ikazunguka bonde zima. Kwa sababu ya kile cha kwanza, watoto wa mtaani walimwita Dada Punda. Mama yake alikasirika alipolisikia jina hilo mara ya kwanza, lakini Burulcha alicheka mpaka kiti chake cha magurudumu kikatikisika. Aliona ni cheo.

Picha zilikuwa kazi ya mama. Kenjekan alikuwa fundi wa mazulia ya sufu iliyoshindiliwa, na alitengeneza picha za vitabu kwa njia ileile aliyotengenezea mazulia. Alitandika kipande chekundu juu ya cheupe, akavikata vyote viwili pamoja, mkasi ukipita mara moja tu. Umbo lililotoka katika chekundu lilikwenda kujaza tundu la cheupe, na la cheupe likajaza tundu la chekundu. Hakuna kilichotupwa. Burulcha alisema anachotaka, mama akakata, na Maksat, mdogo wake Burulcha, akapiga picha kwa simu na kuzituma mjini Bishkek kwa mhariri.

Kitabu cha tatu ndicho kilichowagombanisha.

Kilihusu kamba. Kochkor, mtoto akianza kujaribu hatua zake za kwanza, hufungwa vifundoni kamba ya sufu nyeusi na nyeupe. Watoto wengine hupangwa mbali, wakakimbia, na anayefika wa kwanza huikata ile kamba, ili mwenzao aingie katika maisha bila kizuizi na awe na mbio kama za mshindi. Watu hula, mshindi hupewa zawadi, na siku hiyo haisahauliki. Kamba za mtaa mzima zilisokotwa na Kenjekan. Alikuwa na mkono mwepesi, walisema. Watoto wote wa mtaa ule walikatwa kamba zake, isipokuwa binti yake mwenyewe. Kwanza walisema wangoje kidogo, miguu ipate nguvu. Wakangoja msimu, wakangoja mwaka, kisha neno lenyewe likaacha kutajwa mezani.

Aidai, msichana wa kitabu, hakutembea. Aliwaona wenzake wakikatwa kamba mmoja baada ya mwingine, akauliza zamu yake lini, wakubwa wakatazama vikombe vyao vya chai. Katika ukurasa wa mwisho aliketishwa juu ya zulia, akafungwa kamba, akakatwa. Aliketi tangu mwanzo hadi mwisho.

Gulzat, mhariri, alipiga simu asubuhi, na Burulcha akaiweka kwa sauti kubwa.

"Dada Burulcha, kitabu kizuri mno. Nimelia. Kuna kitu kimoja tu."

"Sema."

"Pale mwisho. Kamba ikikatwa, Aidai asimame. Hatua moja tu! Watoto wanapenda furaha."

"Ana... furaha."

"Ninajua, lakini msomaji aione. Halafu, dada, nisikufiche, wenzangu hapa ofisini wanaogopa. Kamba ni ya mtoto anayetembea. Ukimfunga asiyetembea, mzazi atasema tunamdhihaki. Ukurasa ule ukibaki hivyo, sitaweza kukipitisha."

Burulcha alivuta pumzi. Sentensi ndefu ilimtaka ajipange kama mtu anayeruka mfereji.

"Nipe... muda... mpaka picha... zikamilike."

"Nakupa. Lakini asimame, dada yangu."

Simu ilipokatika, Kenjekan aliendelea kumenya viazi bila kuinua uso.

"Msichana wa watu amesema kweli," alisema.

"Mama!"

"Usinimamie. Kitabu ni chako, unaweza kufanya chochote ndani yake. Umempa punda kinywa cha kusema, ukaipa kofia safari. Mtoto mmoja tu ndiye unayemnyima miguu?"

"Anayo... miguu. Haitembei."

"Basi mtembeze! Inakugharimu nini?"

Burulcha alitafuta jibu fupi asilipate. Alijua tu kwamba Aidai akisimama, wasichana walioketi wataambiwa tena wangoje. Lakini kulisema lote hilo kungemchukua mpaka viazi viive, na mama alikuwa ameshatoka nje na maganda.

Jioni ile Kenjekan alitandika sufu nyekundu juu ya nyeupe, akamkata Aidai. Alimkata amesimama, mguu mmoja mbele, mikono juu. Alimweka mbele ya binti yake. Ilikuwa kazi safi, shingo nyembamba, vidole vyote vikionekana. Burulcha alimtazama kwa muda, kisha kwa upande wa kiganja akamsukuma mpaka ukingoni mwa meza.

"Siye," alisema.

"Ndiye nitakayemkata. Mwingine mtafute kwa fundi mwingine."

Na fundi mwingine hakuwepo, wote wawili walijua.

Jumapili ilikuwa zamu ya Tilek, mtoto wa Maksat, aliyekuwa amekwishaachia ukuta na kuanza kuyumba sebuleni. Kenjekan alisokota kamba tangu alfajiri. Wanawake walikaanga borsok, maandazi madogo ya sherehe, katika sufuria kubwa uani, moshi wa mafuta ukawaita watoto wa mtaa kabla hawajaalikwa. Walipokuwa wakingoja wakubwa wamalize kupanga meza, walimzunguka Burulcha. Walijua akiwa na kitabu kipya huwasomea wao kwanza.

Kumsikiliza Burulcha akisoma ulikuwa mchezo wenye sheria zake. Yeye alianza neno, wao wakashindana kulimalizia kabla hajafika.

"Aidai ali... ali..."

"Aliamka!"

"Alilia!"

"Ali-ke-ti," alisema Burulcha, na waliokosa wakazomewa.

Perizat, msichana aliyeng'oka meno ya mbele, ndiye aliyefunua kurasa za sufu. Wakaenda hivyo, wakibishana na kucheka, mpaka ukurasa wa mwisho. Hapo Burulcha alisoma maneno yake mwenyewe, ya Aidai kuketi juu ya zulia na kukatwa kamba. Lakini picha iliyokuwapo ilikuwa moja tu, ile ya mama.

"Mbona amesimama?" aliuliza Perizat.

Kenjekan alikuwa akipita na sinia. "Amepona," alisema haraka.

"Alikuwa anaumwa?"

"Hakuwa anaumwa," alisema Chynybek, mwenye masikio makubwa na ubishi mkubwa zaidi. "Kurasa zote hizo hajameza hata dawa. Bibi, umekosea kukata."

"Mimi sikosei kukata, wewe masikio!"

"Basi huyu ni nani? Dada yake?"

Watoto wakacheka. Kenjekan hakucheka, lakini hakuondoka pia. Burulcha alifurahi. Alikuwa karibu kusema, mnaona, nilisema mimi, lakini Perizat hakuwa amemaliza naye. Aligeuza ukurasa, akaangalia nyuma yake, akaupindua tena.

"Dada Punda, nani alishinda?"

"Alishinda... nini?"

"Mbio! Kamba haijikati. Nani alikimbia? Zawadi ilikuwa nini?"

"Kweli," alisema Chynybek. "Mbio haziko. Umesahau mbio!"

Burulcha aliutazama ukurasa tena. Alikuwa amesahau mbio. Katika kuipigania ile miguu ya Aidai isiguswe, hakuandika juu ya kitu kingine chochote. Aliufanya ukurasa mzima uwe wa miguu, sawasawa na Gulzat, sawasawa na mama. Na watoto hawa, waliokulia katika vumbi la mbio hizo, hawakujali kama Aidai ameketi au amelala chali. Walitaka kujua nani alifika wa kwanza.

"Mmeni... shinda," alisema. "Ni kosa... langu."

"Na mbio zako wewe zilikuwaje?" aliuliza Perizat. "Nani alikukata wewe?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa akichota chai aliuacha upawa hewani. Maksat akaanza kukohoa. Burulcha alimtazama mama, na mama akatazama sinia.

"Mimi... bado," alisema Burulcha.

"Bado?" Chynybek alishangaa kwa furaha isiyofichika. "Kwa hiyo leo kuna mbio mbili? Na zawadi mbili?"

Kabla mkubwa yeyote hajapata la kusema, watoto watatu walikuwa wameshavua viatu.

"Rudini hapa!" aliita Kenjekan. "Nani amesema kuna mbio mbili? Sina kamba nyingine."

"Bibi, unayo sufu mfukoni, inaning'inia," alisema Perizat.

Ilikuwa kweli. Uzi mweusi na mweupe, mabaki ya kamba ya Tilek, ulichungulia kwenye mfuko wa aproni. Kenjekan aliushika kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wenyewe.

"Mama," alisema Burulcha. Alijipanga, akauruka mfereji wa maneno. "Ulimsokotea... kila mtu... kamba. Nisokotee... mimi."

"Wewe ni mtu mzima. Watatucheka."

"Wacheke. Nitaandika... majina yao."

Hapo Maksat ndiye aliyecheka, kisha wanawake waliokuwa wakikaanga, na kicheko chenyewe hakikuwa na ubaya. Kenjekan aliweka sinia chini. Aliketi kwenye kizingiti, akaegemeza uzi gotini, akasokota. Mikono iliyosokota kamba za mtaa mzima ilikosea mara ya kwanza, ikafumua, ikaanza upya.

Wakamkata Tilek kamba kwanza, kwa haki, naye akakaa chini na kulia. Kisha Burulcha aliketishwa juu ya zulia la mama yake, miguu mbele, na Kenjekan akapiga magoti kumfunga. Miguu haikutulia, iliruka kama ilivyozoea ikiguswa.

"Tulia!"

"Iambie... yenyewe."

Watoto wakaanzia mbali, kwenye uzio wa jirani. Walikuja wakipiga kelele, Chynybek mbele, kisha akageuka kuangalia nani yuko nyuma, na Perizat akampita ubavuni. Alijirusha zuliani akahema, akashika mkasi kwa mikono miwili, akakata. Nusu ya kamba ikabaki kwenye mguu mmoja, nusu ikaruka na mguu wa pili. Alipewa skafu, na Chynybek akadai mpaka jioni kwamba alisukumwa. Hakuna aliyekumbuka kuangalia kama Burulcha atasimama. Yeye mwenyewe alikuwa akigeuza shingo kutazama ugomvi wa skafu.

Siku iliyofuata aliandika upya. Mbio zilichukua kurasa mbili nzima, na Aidai aliketi mwisho wake, mdogo, akiwapigia kelele. Kenjekan alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatandika nyekundu juu ya nyeupe, akapitisha mkasi, akamtoa msichana aliyeketi, mguu mmoja umeruka. Yule wa awali, aliyesimama mikono juu, alimshika akamgeuzageuza.

"Tumtupe?" aliuliza Maksat.

"Nani anatupa sufu?" Alimkunja goti kidogo, akamshonea skafu, akamweka mbele kabisa katika mbio.

Picha zilipofika Bishkek, Gulzat alipiga. Alisifu mbio, akacheka habari ya mtoto aliyegeuka nyuma.

"Lakini bado ameketi, dada."

"Ataketi. Ukimsimamisha... ondoa... jina langu."

"Usinifanyie hivyo. Nitawaambia nini wenzangu? Mwambie fundi wenu abadilishe huyo mmoja tu."

Kenjekan alinyoosha mkono juu ya meza, akavuta simu karibu na kinywa chake. Mkono wa pili ulikuwa na mkasi.

"Gulzat, mwanangu, fundi ndiye mimi. Waambie wenzako hivi: huyu mtoto ni wangu, nimemfunga kamba mwenyewe, na waliokuwapo wamekula wakashiba. Mwenye swali aje Kochkor."

Burulcha alingoja, kidole chake kimoja juu ya meza, tayari.

"Mama," alisema Gulzat mwishowe, "huyo mwenye skafu ndiye aliyeshinda?"

"Ndiye," alisema Kenjekan. "Lakini mwenye masikio makubwa anakataa."

"Nitawapelekea kitabu kama kilivyo," alisema Gulzat. "Wakikataa, watanikataa na mimi."

Burulcha alivuta simu irudi kwake. Alikuwa na neno moja zaidi, na alilichagua.

"Harakisha," alisema.