Misumari ya Babu Katika Pilipili Manga

Juma lililopita fundi aliifungua mota ya pampu ya maji hapa nyumbani kwetu Morogoro mjini, na harufu ya vanishi iliyoungua ikajaa uani. Ni harufu ya ajabu kidogo: ina utamu wa ganda la chungwa lililotupwa motoni, na nyuma yake uchungu unaokwaruza koo. Doreen, mjukuu wangu anayeniandikia maneno haya kwa kuwa mimi sikuketi darasani hata siku moja, aliziba pua. Mimi nilicheka. Wajukuu zangu hawajazoea kunisikia nikicheka, kwa hiyo waliniuliza mara mbili kama nimepatwa na jambo. Nimemwagiza Doreen aandike kila neno kama ninavyolitamka, asipunguze wala asipambe, nami nitawaeleza ninyi mnaosoma sababu ya kicheko hicho, ambayo wao nimewaficha kwa muda mrefu.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi, nikilelewa na Bibi mzaa mama huko Kinole, milimani, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huingia mpaka jikoni na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Bibi alilima pilipili manga. Huchumwa zikiwa kijani, kisha huanikwa juu ya mikeka hadi zijikunje na kuwa nyeusi, na wakati huo uwanja mzima hunuka ukali mtamu unaowafanya hata mbuzi wapige chafya. Kila msimu alipanda kwetu mnunuzi kutoka mjini, Bwana Salumu, mtu mpole mwenye macho makali. Magunia ya watu wengine aliyafungua na kuzamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akitafuta mawe na vijiti. La Bibi alilipima bila kulifungua. Kijiji kizima kilijua jambo hilo, na Bibi, ambaye hakuwa mtu wa kujisifu, siku ya kupima alitembea akiwa mrefu kidogo kuliko siku nyingine.

Kazi yangu ilikuwa kulinda mikeka dhidi ya mvua na kuku. Mvua hutoa taarifa, kuku hawatoi. Nilichoka kuwatupia vijiti, nikatafuta kitu cha kuwatisha, na nikakiona kibarazani: mkebe wa Babu. Babu alikuwa akishona viatu vya matairi, na mkebe ule ulijaa misumari yake midogo, mifupi kuliko punje ya mchele, iliyokuwa imepata kutu na kuwa myeusi. Niliutikisa, nao ukalia vizuri kama kayamba. Kuku walikimbia. Niliutikisa tena kwa sababu tu ulilia vizuri, nikacheza nao nikiuzunguka mkeka mkubwa, nikiwaimbia kuku nyimbo za kanisani, na katika mzunguko wa tatu kifuniko kikaruka.

Sitaki kujitetea mbele yenu. Mtoto mwenye akili angepiga kelele palepale, wakati misumari ingali juu ya pilipili. Mimi nilichukua reki nikachanganya, ili isionekane. Nilichanganya kwa bidii kubwa kuliko bidii yoyote niliyowahi kuitia katika kazi ya halali.

Jioni Bibi alipiga magoti kugeuza pilipili kwa mkono, kama alivyofanya kila siku, na ghafla akauvuta mkono. Alitazama tone la damu kidoleni, kisha akanitazama mimi.

"Vero," alisema taratibu, "pilipili zangu zimeota meno?"

Nililia kabla sijajibu, na hilo likawa jibu. Bibi alijaribu kupepeta kwa ungo, lakini misumari ilikuwa midogo mno na pilipili nazo zina uzito wake. Ilitoka michache, mingi ikabaki. Kuichambua kwa vidole kungechukua wiki nzima, na Bwana Salumu alikuwa anakuja Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Bibi aliketi juu ya kinu, akasema kwa sauti ndogo ambayo iliniumiza kuliko fimbo, "Safari hii nitampa gunia gani?"

Aliponyanyuka kutafuta fimbo yenyewe, Mjomba Benedikto alisimama katikati yetu. Alikuwa kitinda mimba wa Bibi, fundi wa kusuka mota zilizoungua, yaani kuzizungushia waya mpya, katika karakana moja mjini, na wiki ile alikuwa nyumbani kwa mapumziko. Kwetu Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno.

"Mama, huyu ni mpwa wangu. Adhabu yake naichagua mimi," alisema. "Ameimwaga yeye, ataitoa yeye."

"Ataitoa kwa nini, kwa ulimi?"

"Kwa waya, mama."

Bibi alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekunywa pombe asubuhi.

Mjomba alitoa mkobani vibunda viwili vya waya mwembamba, masazo ya kazini, na bolti ya chuma yenye urefu wa shibiri. Alinieleza kwamba umeme unapopita ndani ya waya uliozungushwa, chuma kilicho katikati huwa sumaku, na umeme ukikatika, usumaku nao huondoka. Nilimwambia naam, nimeelewa. Sikuelewa hata kidogo. Akanipa kibunda kimoja. "Zungusha mizunguko mingi, yote kuelekea upande mmoja, usiukate." Alhamisi alfajiri akashuka Matombo kumjulia hali dada yake, ambaye ndiye mama yangu, aliyekuwa amejifungua.

Sasa nitawaeleza kosa ambalo Mjomba alilisimulia hadi uzeeni. Waya ule ulikuwa na rangi ya kahawia iliyofifia, kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Mimi nilikuwa mtoto wa nyumba ya Bibi, na katika nyumba ya Bibi kitu chenye masizi hakitumiki. Niliuchukua waya ule hadi kijitoni, nikausugua kwa mchanga, majivu na kumbi la nazi, pima baada ya pima, kuanzia asubuhi hadi jua lilipokuwa utosini. Ulipong'aa kama kikombe cha misa, ndipo nilipouzungusha kwenye bolti. Bibi mwenyewe alipita, akautazama, akasema, "Angalau ni msafi." Kwake, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Alasiri Mjomba alirudi, akaunganisha waya na betri mbili za tochi, akaisogeza bolti kwenye misumari iliyotolewa kwa ungo. Msumari mmoja ulinyanyuka kwa uvivu, ukaning'inia, ukaanguka. Betri zikapata moto hata akazitupa chini. Akauinua waya karibu na macho yake. Alinitazama, akautazama tena, halafu akacheka hadi akalazimika kuketi.

"Vero! Umeuvua nguo!"

Alipopata pumzi alinieleza. Ule ukahawia haukuwa uchafu. Ulikuwa vanishi, vazi la waya, linalozuia mzunguko mmoja usigusane na wa pili. Waya uliovuliwa vazi unapogusana, umeme hauna haja ya kuzunguka mara zote hizo: unaruka kutoka mzunguko hadi mzunguko na kutoka upande wa pili, kama mtoto aliyetumwa mbali akakatiza shambani. Sumaku hupata nguvu kwa umeme kuzunguka na kuzunguka. Ukikatiza, nguvu hakuna, na betri huchoka bure.

"Na sasa umebaki waya mmoja tu," alisema, bila kucheka tena.

Nilichukua kibunda cha pili. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kazi ile niliijua. Bibi alikuwa amenifundisha kusuka ukili wa mikeka, na aliyefunzwa na Bibi hawezi kuacha mwanya. Niliulaza kila mzunguko ubavuni mwa mwenzake, nikivuta bila kulegeza na bila kukaza mno, nilipofika mwisho wa bolti nikarudi juu ya safu ya kwanza, daima nikizungusha upande uleule. Mjomba alikwangua vanishi kwenye ncha mbili tu, kiasi cha ukucha. Alinisimamisha baada ya safu ya kwanza tukajaribu: bolti ikanyanyua misumari michache. Baada ya safu ya tatu, ikanyanyua rundo lililoning'inia kama ndevu. Kisha akanifanyia jambo lililonishangaza: aliichomoa bolti taratibu kutoka katikati ya waya, na misumari yote ikaporomoka, ingawa umeme ulikuwa bado unapita. Akaweka kijiti cha mti mahali pake, hakikuvuta kitu. Akairudisha bolti, misumari ikarukia.

"Umeona? Waya unaita," alisema, "lakini chuma ndicho chenye sauti."

Betri zetu mbili zilikuwa hoi. Tulizianika juu ya bati, kama kila mtu alivyofanya siku hizo, lakini hazikupona vya kutosha. Ijumaa asubuhi nilitumwa nyumba kwa nyumba kuazima betri za tochi, nikipiga magoti na kusema shikamoo hadi ulimi ukakauka, na kila nyumba nililazimika kueleza kisa chote. Ilikuwa adhabu kamili. Mjomba alipasua mwanzi, akazilaza betri ndani yake moja nyuma ya nyingine, kichwa kwa mkia. Kwa betri nne sumaku ilivuta kwa hasira. Alipoongeza hadi sita ikazidi, lakini waya ukaanza kupata joto, na hapo kwa mara ya kwanza maishani nikaisikia harufu ile ya ganda la chungwa na uchungu. Akaziondoa mbili haraka. "Nguvu tunaitaka," alisema, "waya pia tunautaka."

Waliotuazima betri walizifuata betri zao, na kabla ya saa nne uwanja ulijaa watu. Nilianza kupitisha bolti juu ya pilipili, na mwanzoni misumari ilitoka ya juu tu. Ile iliyolala chini haikusikia. Bibi ndiye aliyelitambua hilo. Alileta mikeka mingine, akazitandaza pilipili nyembamba kama mtu anayepaka mafuta, ili bolti ipite karibu na kila punje. Kuanzia hapo misumari iliruka. Niliibeba hadi juu ya mkebe, Mjomba akautenga waya na betri, nayo ikamwagika kwa mlio wa mvua ya kwanza kwenye bati. Watoto walipaza sauti, "Achia!" Akatenga. "Shika!" Akaunganisha. "Achia!"

Jirani yetu Mama Paskalina, ambaye hakuna jambo lililompita bila kulisemea, aliniita. "Mwanangu, ukimaliza hapo ipitishe kwenye mfuko wa mume wangu. Labda naye ataachia."

"Mke wangu," mumewe alijibu kutoka nyuma, "hiyo inashika chuma. Mfuko wangu una matundu tu."

Hata Babu, aliyekuwa amenuna tangu Jumatano kwa ajili ya misumari yake, alicheka akionyesha mapengo. Tuliipitisha bolti mkeka kwa mkeka, mara ya pili, mara ya tatu, hadi ikawa inarudi tupu. Jua lilipozama pilipili zilikuwa ndani ya gunia na nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilisahau kula.

Jumamosi Bwana Salumu alifika. "Shikamoo, mama," alimwamkia Bibi, akalivuta gunia lake kuelekea kwenye mizani bila kuligusa fundo.

"Marahaba. Leo fungua," alisema Bibi.

"Nifungue la kwako? Kuna nini?"

"Wiki hii misumari ilimwagika humu. Mjukuu wangu ndiye aliyeimwaga." Kisha akageuka, akanyoosha mkono kunielekea mbele ya kijiji kizima. "Yule pale. Vero, njoo hapa."

Nilitamani ardhi inimeze. Gunia lilikuwa safi, mtu yule hakuwa na nia ya kulifungua, na Bibi kwa kinywa chake mwenyewe alikuwa ameliweka jina lake lote mizanini. Bwana Salumu alilifungua gunia, akamimina pilipili mkekani, akanitazama. Aliomba msumari mmoja kutoka kwenye mkebe wa Babu, akautupa katikati ya pilipili, akachanganya kwa mikono miwili.

"Haya, binti. Utoe."

Mjomba aliunganisha waya. Nilizitandaza pilipili kama nilivyomwona Bibi, nikapitisha bolti mara moja, mara ya pili. Mara ya tatu kikasikika kimlio kidogo, na msumari ukawa umening'inia kwenye ncha. Bwana Salumu aliichukua bolti kutoka mkononi mwangu, akaipitisha mwenyewe kwenye pilipili zote, hatua kwa hatua, na haikushika kitu. Akalifunga gunia, akalipima. "Mwaka ujao, mama," alisema, "sitafungua."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba asubuhi ile Bibi alinimalizia adhabu iliyokatizwa na Mjomba. Nililiweka moyoni kama deni. Nilikuja kulitazama upya nilipokuwa mimi mwenyewe bibi, mkali kama yeye, nisiyejua kumwambia mtoto kwamba amefanya vizuri. Angenyamaza, gunia lingepimwa, na hakuna mtu kutoka nje ya kijiji ambaye angejua kwamba msichana wa miaka tisa alisuka sumaku kwa mikono yake.

Andika na hili, Doreen. Asubuhi ile kabla mnunuzi hajafika, Bibi aliniamsha mapema kuliko siku zote. Aliniogesha, akanipaka mafuta hadi visigino, akanisuka nywele upya, kisha akafungua sanduku lake na kunifunga kanga yake ya Pasaka, ambayo hata binti zake hakuwaazima. Nami nilisimama ndani ya kanga ile nikidhani ninapambwa ili nikaaibishwe vizuri.