Pwani Baba Aliyotaka Tuhamie

Sisi watoto wa wahamiaji tuliokulia mtaa wa Troyeville enzi zile hatukuulizwa kama tunataka kusafiri. Uliogeshwa, ukapakwa mafuta mpaka ukang'aa, ukaambiwa panda gari. Ndivyo ilivyokuwa likizo ile Baba, fundi cherehani, alipotangaza kwamba tunakwenda kuona bahari.

Mama hakuamini. Baba hakuwa mtu wa matembezi. Sasa alikuwa akitoka nje kupokea simu, na alifungasha mablanketi yote katikati ya joto la Desemba. Mama akaninong'oneza, "Neema, mchunge baba yako." Nikamchunga njia nzima, wadogo zangu wakilamba vidole vyenye mafuta ya samaki wa kukaanga.

Lami ikaisha, kisha barabara yenyewe. Tukatembea kwenye msitu uliochuruzika maji, miti imevaa ndevu za kijani, udongo unanukia mvua. Tulipotokeza, hata wadogo walisimama. Kuta za mawe zilisimama pande mbili, na bahari ilikuwa imepenya katikati yake mpaka ndani ya msitu, maji meusi tii. Hapakuwa na nyumba hata moja. Mtu mmoja mwenye boti alitupungia mkono, akamwita Baba kwa jina.

Mama akaketi juu ya begi. "Baba Neema, huyu anakujuaje?"

Baba akainamisha kichwa. "Ile safari ya kununua vitambaa Durban, nilikuja huku. Kuna kambi ya watalii ng'ambo ya maji haya, wanatafuta mlinzi. Tungehamia wote."

"Na shule?"

Baba aliyatazama maji. "Panafanana na kwetu Kivu, kule ziwani," akasema polepole.

Mama, mtu wa Lubumbashi, hakuwahi kuiona Kivu. Akamshika mkono. "Ni pazuri. Nimepaona. Lakini watoto watasoma wapi?"

Tukalala pale, tukala kome tuliowabandua kwenye mawe, kisha tukarudi mjini. Baba akarudi kwenye cherehani yake, na kambi ile hakuitaja tena.

Watoto wa siku hizi hawaendi mahali kabla ya kuona picha zake na kuuliza kama kuna mtandao. Niliwaonyesha wangu pwani ile kwenye simu. "Eish, Mama, watu wanafanya nini huko?" akasema mdogo, akarudi kwenye mchezo wake.

Barabara sasa inafika karibu, na gari tunalo. Ila Mama alishatutoka. Juzi nilimwambia Baba nimpeleke tena huko. Akatikisa kichwa.

"Nikamwonyeshe nani?"