Mifuko minne aliyoikwangua Irine

Saa kumi na mbili asubuhi, Irine Anaeli amepiga magoti mbele ya friji bovu jikoni kwake, Mamba, wilayani Same. Hasali. Anasoma kipimajoto: nyuzi ishirini na nane.

"Mama, mgonjwa wako kaamkaje leo?" anatania Habibu, dereva wa bodaboda aliyefuata mzigo.

"Hakuna mzigo leo. Nenda tu, baba."

Ndani ya friji, kwenye mifuko ya wali, inakua kuvu ya kijani inayopambana na ugonjwa unaoozesha tangawizi; wakulima huipaka mbegu kabla ya kupanda. Kwa baridi ya mlimani huku, bila joto la kudumu inadumaa.

Mashine ya maabara ya kutunza joto Irine asingeiweza hata angeuza shamba. Mama huyu wa miaka arobaini na minane alichukua friji lililokufa, akafunga balbu, feni ya kompyuta kuukuu na kidhibiti joto cha mashine ya kutotolea vifaranga. Vyote vilimgharimu shilingi elfu sabini. Kikundi chao cha wakulima ishirini na wawili kikaanza kumwita Daktari.

"Nililipenda hilo jina," anasema, macho sakafuni. "Nililipenda mno."

Mwezi Machi umeme ulikatika siku mbili. Uliporudi, mifuko minne ilikuwa na ukungu mweusi. Semina ya kilimo aliyohudhuria ilikuwa imemfundisha kwamba mfuko wenye rangi ngeni huchomwa wote. Lakini jirani yake Ernesta, mjane, alikuwa ameshaketi barazani na mbegu zake za tangawizi, na mvua imeanza.

"Nikafanya kama tunavyofanya kiporo cha ugali. Nikakwangua juu kwa kijiko, nikampa. Kumwambia kwamba Daktari kaharibikiwa, mdomo ulikataa."

Mwezi Mei, robo tatu ya tangawizi ya Ernesta ilioza. Mama wa watu akailaumu mifereji yake, kwamba haitoi maji vizuri. Akapeleka ombi la kuombewa kwenye jumuiya ya kanisa, na wanajumuiya wakamchagua Irine aongoze sala.

"Niliomba kwa sauti, nikalia. Wote wakaitikia amina. Nilimdanganya mwenzangu huku Mungu ananisikiliza."

Tangu siku hiyo hajaongoza sala tena.

Juzi alikwenda shambani kwa Ernesta. Alimkuta kainama, anachimba mifereji upya, kazi ambayo haikuwa na sababu. Irine akasema yote palepale, miguu yake ikiwa kwenye tope.

"Mama Faraja," Ernesta alimjibu, "tangawizi nitapanda nyingine. Yale machozi yalikuwa ya nani?"

"Yalikuwa yangu, dada. Nilijililia mwenyewe."

Ernesta akaendelea kuchimba. Hakumkaribisha hata maji.

Alhamisi kikundi kinakutana, na Irine anakusudia kusimama mbele yao. Anataka kununua betri ya kuendesha friji umeme unapokatika. Tena anataka mfuko wowote usitoke kabla mtu mwingine hajaukagua. Jana jioni alimwomba Ernesta awe mtu huyo.

"Kasema atakuja," anaeleza Irine, akifuta kioo cha kipimajoto kwa upindo wa kanga. "Lakini kaniambia nisifurahi, haji kwa ajili yangu. Anataka aijue hiyo kuvu ya kijani kwa macho yake mwenyewe, asije akaniuliza mimi tena."