Mifupa Mirefu Nyuma ya Jiko Letu

Polisi aliposema mifupa iliyofukuliwa nyuma ya jiko letu ni ya mwanaume, mume wangu aliomba chakula.

Tangu asubuhi, sururu ya fundi bomba ilipogonga fuvu, alikuwa hajatia kitu mdomoni. Sasa akala sahani mbili.

Jamani, nisomeni taratibu.

Huyu mume wangu zamani alikuwa shemeji yangu. Alimuoa dada, wakazaa binti mmoja. Siku moja tukaambiwa dada katoroka na dereva wa lori. Mama mkwe aliapa kwamba alimwona kwa macho yake akipanda, begi mkononi.

Mtaa mzima ukamtafuna. Baba yangu alikataza jina lake lisitajwe nyumbani, hadi anaingia kaburini.

Mimi ndiye niliyeletwa kulea mtoto. Nilianza kama mama mdogo, nikaishia kuwa mke. Nilimwonea huruma yule bwana. Eti kaachwa.

Dada alikuwa mrefu, kamzidi hata mumewe. Mama mkwe alimwita Mlingoti. Ndiyo maana polisi aliuona mfupa wa paja akasema, "Huu mguu wa dume hasa."

Alasiri akaja mama mmoja kutoka maabara, mtaalamu wa mifupa. Akapiga magoti shimoni, akapangusa udongo kwa brashi.

"Nani kasema mwanaume?"

"Afande mwenyewe," mume wangu akadakia. "Si unaona urefu?"

"Urefu hauniambii kitu, baba. Warefu wako pande zote."

Akainua mfupa wa nyonga, akapitisha kidole gumba kwenye pengo lake la nyuma.

"Mnaona kinavyocheza? Kwa mwanaume pengo hili huwa jembamba, kingebana. Na hapa juu ya macho ni laini, hakuna matuta. Nitapima tena maabara, lakini huyu ni mwanamke."

Mama mkwe alikuwa kasimama begani kwangu. Akamgeukia mwanawe, akasema kwa sauti ya mtu anayelalamika kwamba chumvi imezidi:

"Si nilikwambia usimweke karibu na bomba?"

Nilisikia mimi. Alisikia na afande.

Mama na mwanawe walipopakiwa kwenye gari la polisi, binti wa dada alinishika nguo. Miaka yote hiyo, kwa hasira ya kuachwa, hakuwahi kumtaja mama yake.

"Mama mdogo, kwa hiyo hakuniacha?"

"Hakukuacha. Alikuwa hapa hapa."

Sikumwambia kwamba kila siku tulikuwa tukimwagia maji ya vyombo pale pale juu yake.

Nawachukia wale wawili, sifichi. Ila na nyie mliomtafuna nisikieni. Mkiambiwa mwanamke fulani katoroka, kabla hamjacheka, ulizeni kaelekea wapi.

Kwetu hakuna aliyeuliza. Na mimi, damu yake, nikapewa kitanda chake nikalala.